Betri Huchakaa Gari Likiwa Limelala

Mtu anayenunua gari la umeme kwa mara ya kwanza huogopa jambo moja kuliko mengine yote, nalo ni kwamba betri, ambayo ndiyo sehemu ya bei kubwa zaidi katika gari hilo, itakufa mapema na kumwachia bodi lisilotembea. Hofu hiyo ina msingi, lakini mara nyingi huelekezwa pasipostahili. Wenye magari huhesabu kilomita, hujinyima safari ndefu na kuvikwepa vituo vya kuchaji kwa kasi, ilhali sehemu kubwa ya uchakavu wa betri hutokea katika saa ambazo gari halitembei kabisa, likiwa limeegeshwa uani, waya umechomekwa ukutani na mwenyewe amelala. Gari la kawaida la mjini huendeshwa kwa saa moja au mbili kwa siku; katika saa 22 au 23 zilizobaki betri yake hukaa tu, na namna inavyokaa, yaani imejaa kiasi gani na ina joto kiasi gani, ina uzito mkubwa katika kuamua itadumu miaka mingapi. Ndiyo maana mazoea ya kuchaji nyumbani, ambayo huonekana kuwa jambo dogo la kuchomeka na kuchomoa plagi, yanastahili kueleweka vizuri.

Betri za magari haya ni za lithiamu-ioni, aina iliyoingizwa sokoni na kampuni ya Sony ya Japani mwaka 1991, na ambayo wanasayansi watatu walioiwekea misingi, John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino, walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2019. Betri moja ya gari huundwa kwa seli nyingi, na kila seli ina nguzo mbili ziitwazo elektrodi: nguzo hasi, ambayo kwa kawaida ni ya grafiti, na nguzo chanya, ambayo hutengenezwa ama kwa mchanganyiko wa metali kama nikeli, manganizi na kobalti, ama kwa fosfati ya chuma. Kati ya nguzo hizo kuna kimiminika kiitwacho elektroliti, ambacho ndicho njia ya kupitia ioni za lithiamu, yaani atomu za lithiamu zilizopungukiwa na elektroni moja. Gari linapochajiwa, ioni husukumwa kutoka nguzo chanya na kujipenyeza katikati ya matabaka ya grafiti. Gari linapotembea, hurudi zilikotoka. Uwezo wa betri hutegemea wingi wa ioni zinazoweza kwenda na kurudi, na kuchakaa kwake, kwa kiasi kikubwa, ni kupotea kwa ioni zinazonaswa na kushindwa kuendelea na safari hiyo.

Ioni hizo hunaswa zaidi kwenye utando mwembamba unaojijenga juu ya grafiti tangu siku ya kwanza seli inapochajiwa kiwandani. Utando huo una faida, kwa sababu bila huo elektroliti ingeendelea kugusana na grafiti na kuharibika upesi; tatizo ni kwamba hauachi kukua, na kila unapoongezeka unene hutumia lithiamu ambayo hairudi tena kazini. Hukua kama ukoko chini ya sufuria ya wali, polepole moto ukiwa mdogo na upesi moto ukizidi, iwe mpishi anauangalia au hayupo. Kanuni ya jumla inayotokana na kazi ya mwanakemia wa Sweden, Svante Arrhenius, ni kwamba matendo mengi ya kikemia huongezeka kasi kwa karibu mara mbili halijoto inapopanda kwa nyuzi 10 za Selsiasi, na ndani ya betri kanuni hiyo hufanya kazi kwa ukadirio usio mbali na ukweli. Jambo la pili linalochochea ukuaji huo ni kiwango cha chaji. Grafiti iliyosheheni lithiamu huwa na ukali wa kikemia kuliko iliyojaa nusu, na upande wa pili nguzo chanya iliyonyang’anywa lithiamu yake karibu yote huanza kuila elektroliti, hasa volteji ya seli inapokaribia kilele chake.

Wataalamu kwa hiyo hutenganisha uchakavu wa aina mbili. Upo uchakavu wa matumizi, unaotokana na kuchaji na kutumia, ambapo chembe za nguzo hutanuka na kusinyaa hadi kupata nyufa, hasa betri inapopelekwa mara kwa mara kutoka ujazo kamili hadi karibu na sifuri. Na upo uchakavu wa umri, ambao huendelea hata kama gari halijasogea hata mita moja. Mwenye gari hana uwezo mkubwa juu ya ule wa kwanza, kwa sababu gari alilinunua alitumie. Lakini ule wa pili uko mikononi mwake kila usiku.

Historia fupi ya magari haya ina mfano wa wazi wa nguvu ya joto. Mnamo Desemba 2010 yaliingia sokoni, karibu kwa wakati mmoja, magari mawili yaliyojengwa kwa fikra tofauti. Chevrolet Volt ya Marekani, ambayo ilikuwa na injini ya petroli ya akiba, ilikuwa na betri ya kilowati-saa 16, lakini kompyuta yake iliruhusu takriban kilowati-saa 10 tu zitumike, ikiacha nafasi tupu juu na chini, na betri yenyewe ilipozwa kwa kimiminika kinachozunguka ndani yake. (Kilowati-saa ndiyo ile yuniti moja inayonunuliwa kwenye LUKU au kwa tokeni za Kenya Power.) Nissan Leaf ya Japani ilikuwa na betri ya kilowati-saa 24, iliyotumika karibu yote, na haikuwa na mfumo wowote wa kuipoza zaidi ya hewa inayoizunguka. Kufikia kiangazi cha 2012, wenye Leaf katika jiji la Phoenix, Arizona, ambako halijoto ya mchana wakati huo wa mwaka huvuka nyuzi 40 kwa wiki nyingi, walianza kuona vipande vya kipimo cha uwezo wa betri vikizimika kwenye dashibodi baada ya mwaka mmoja au miwili tu. Mwishoni mwa mwaka huo Nissan ilitangaza dhamana mpya kwa wateja wa Marekani: betri ikishuka chini ya vipande 9 kati ya 12 ndani ya miaka 5 au maili 60,000, kampuni ingeirekebisha au kuibadilisha. Kwa upande wa Volt, malalamiko ya aina hiyo yalikuwa machache sana.

Katika jiji hilohilo, Maabara ya Taifa ya Idaho ilifanya jaribio linalostahili kujulikana zaidi kuliko linavyojulikana. Leaf nne za mwaka 2012 ziliendeshwa katika njia zilezile hadi maili 50,000, ambazo ni kama kilomita 80,000. Mbili zilichajiwa kwa umeme wa kawaida kama wa nyumbani, na mbili kwa chaja za kasi kila mara. Mwishoni magari yote manne yalikuwa yamepoteza karibu robo ya uwezo wa betri zake, na yale ya chaja za kasi yalitangulia kwa hasara kidogo tu. Joto la Phoenix liliyala yote bila kubagua. Kwa mtu wa Mombasa, Dar es Salaam au Maskati, somo hilo ni zito kuliko onyo lolote dhidi ya kuchaji kwa kasi, na linaonyesha pia kwa nini gari lilelile linaweza kuwa na maisha tofauti Nairobi au Arusha, ambako mwinuko huleta usiku wa baridi, na maisha mengine pwani, ambako hata usiku wa manane betri haipati nafasi ya kupoa sawasawa.

Ushauri wa kuchaji hadi asilimia 80 kwa matumizi ya kila siku, ambao sasa hurudiwa na watengenezaji wengi, unatokana na kemia iliyoelezwa hapo juu, wala si hila ya kumnyima mteja alichokilipia. Leaf za mwanzo zilikuwa na mpangilio huo tayari, na mwenye gari aliweza kuchagua kwa kitufe betri iishie asilimia 80. Kilichotokea baadaye kinasikitisha kidogo. Mamlaka ya mazingira ya Marekani, ilipopima Leaf ya 2013, ilichukua wastani wa umbali unaofikiwa kwa chaji ya asilimia 80 na ule wa asilimia 100, na kulipa gari hilo alama ya maili 75. Kwa toleo la 2014 Nissan iliondoa kitufe hicho huko Marekani, na alama ikapanda hadi maili 84 kwa betri ya ukubwa uleule. Tarakimu ya tangazo iliongezeka, na chombo cha kuitunza betri kikaondoka. Magari mengi ya sasa yameurudisha uwezo huo kwenye skrini au kwenye programu ya simu, na mnunuzi atafanya vizuri kuuliza jinsi ya kuuweka kabla hajauliza kuhusu redio.

Hesabu ya nyumbani ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Gari dogo la umeme hutumia takriban kilowati-saa 15 kwa kilomita 100, kwa hiyo anayekwenda kazini na kurudi kwa jumla ya kilomita 40 hutumia kama kilowati-saa 6 kwa siku. Soketi ya kawaida ya volti 230, kwa chaja ya kubebeka inayovuta ampea 10, hutoa kilowati 2.3; hata ukiondoa kiasi kinachopotea kama joto wakati wa kuchaji, matumizi ya siku nzima hurudishwa kwa saa tatu tu. Usiku una saa nyingi zaidi ya hizo. Ina maana kwamba gari likichomekwa saa moja jioni mara tu linapofika, betri ikiwa bado na joto la barabarani, litamaliza kuchaji mapema usiku na kukaa limejaa hadi asubuhi. Likipangwa lianze saa nane au saa tisa usiku, betri hupata muda wa kupoa kwanza, huchajiwa katika saa za baridi kuliko zote, na hufika kwenye kiwango cha juu karibu na wakati wa kuondoka. Saa ya kupangia huwa ndani ya gari lenyewe, na nchini Kenya kuna sababu ya pili ya kuitumia, kwa kuwa bei maalumu ya umeme wa magari iliyoanza 2023 hushuka hadi nusu katika saa za usiku ambazo mahitaji ya taifa huwa madogo. Ni nadra mfuko na betri kutaka kitu kimoja kiasi hiki.

Wengine hujiuliza kama chaja ya ukutani ya kilowati 7 itaichosha betri kuliko ile ya kubebeka. Haitaichosha kwa kiwango cha kuhesabika. Mota ya Leaf ya kilowati-saa 40 inaweza kuvuta kilowati 110 dereva anapokanyaga pedali kulipita lori, na mbele ya mzigo huo kilowati 7 ni kitu kidogo mno. Umeme wa nyumbani ni mkondo geu, yaani mkondo unaobadili mwelekeo mara nyingi kwa sekunde, na hupitia kifaa kilichomo ndani ya gari kinachougeuza kuwa mkondo mnyoofu ambao betri huukubali. Kifaa hicho ndicho huweka kikomo. Chaja za kasi za barabarani hukiruka kifaa hicho na kuingiza mkondo mnyoofu moja kwa moja, na hapo ndipo maswali ya joto na kasi huwa na maana.

Kuna kundi moja la magari ambalo kanuni ya asilimia 80 hailigusi kwa namna ileile, nalo linaongezeka upesi Afrika Mashariki kwa sababu magari na mabasi mengi ya Kichina ni ya kundi hilo. Ni magari yenye betri za lithiamu na fosfati ya chuma, kama zile ambazo BYD ilizitangaza mwaka 2020 kwa jina la Blade, na zile zilizoingia katika Tesla Model 3 za bei ya chini. Betri hizi huvumilia joto na ujazo vizuri zaidi, na volteji yake hubaki karibu palepale kuanzia kiwango cha chini hadi karibu kujaa. Uthabiti huo wa volteji una kasoro yake: kompyuta ya gari hushindwa kukisia kwa usahihi kiasi kilichobaki, hadi betri ijazwe kabisa ndipo irekebishe hesabu yake. Ndiyo maana Tesla huwashauri wenye magari hayo kuyajaza hadi asilimia 100 angalau mara moja kwa wiki. Hiyo haina maana kwamba ujazo hauziumizi. Utafiti wa kundi la Jeff Dahn wa Chuo Kikuu cha Dalhousie, Kanada, uliochapishwa 2024, ulionyesha kuwa hata seli za aina hii huchakaa haraka zaidi zinapozungushwa muda wote karibu na ujazo kamili. Ushauri wa kujaza kila wiki ni kwa ajili ya kipimo, na mwenye gari anayeuelewa hivyo atajaza mara moja kwa wiki na kuishi na asilimia ndogo zaidi siku nyingine. Kwa hiyo swali la kwanza la mnunuzi liwe betri ni ya kemia gani. Kitabu cha gari hulijibu.

Mazoea mengine yamerithiwa kutoka zama zilizopita. Betri za nikeli-kadimiamu, zilizotumika katika redio na simu za kwanza, zilitakiwa kumalizwa kabisa kabla ya kuchajiwa, na wengi bado huamini kwamba kuchaji betri kabla haijaisha ni kuiharibu. Kwa lithiamu-ioni ukweli ni kinyume chake. Kuchaji kidogo kidogo, kutoka asilimia 50 hadi 70 kila usiku, huiweka betri katika eneo lake la raha, na nyufa za chembe huwa chache kuliko kwa mtu anayengoja hadi asilimia 5 ndipo ajaze hadi 100.

Hata hivyo ushauri wa vitabu umeandikwa zaidi katika nchi ambazo umeme haukatiki. Mwenye gari anayejua kwamba umeme unaweza kuondoka saa kumi na mbili jioni na kurudi kesho yake mchana ana haki ya kuweka kikomo chake kwenye asilimia 90, au hata kujaza kabisa siku ambayo mgao umetangazwa, na hasara ya uamuzi huo ni ndogo kuliko hasara ya kukwama njiani. Kinachoumiza ni kujaa kwa siku nyingi mfululizo. Anayesafiri kwenda kijijini kwa basi na kuliacha gari mjini kwa mwezi mzima, aliache likiwa na kama nusu ya chaji, kivulini, waya ukiwa umechomolewa. Likiachwa limejaa litachakaa bure, na likiachwa karibu na sifuri vifaa vyake vya ndani vinaweza kuimaliza betri hadi kiwango cha hatari. Zaidi ya hapo, wasiwasi hauna faida. Watafiti wa Stanford, katika kazi iliyochapishwa mwishoni mwa 2024, walijaribu seli 92 kwa zaidi ya miaka miwili na kukuta kwamba zile zilizotumiwa kwa mtindo wa barabarani, wenye kuongeza mwendo, kufunga breki na kupumzika, zilidumu hadi asilimia 38 zaidi ya zile zilizotolewa chaji kwa kasi isiyobadilika kama maabara zilivyozoea kufanya. Barabara ni mwalimu mpole kuliko maabara.

Soketi ya nyumbani inahitaji uangalifu zaidi kuliko inavyopewa, na hapa suala ni usalama wa watu kabla ya maisha ya betri. Soketi ya pini tatu bapa ya ampea 13 imezoea pasi na birika, vyombo vinavyovuta umeme mwingi kwa dakika chache na kunyamaza, lakini gari huvuta ampea 10 kwa saa nyingi bila kupumzika, na muunganiko uliolegea nyuma ya ukuta hupata joto hadi plastiki kugeuka rangi ya kahawia. Ekstensheni, hasa ile iliyoachwa imeviringishwa, haifai kabisa kwa kazi hii. Fundi umeme anayejua kazi yake atavuta waya mnene wa pekee kutoka kwenye bodi ya fyuzi, atapima erthi, yaani waya unaopeleka ardhini umeme uliopotea njia, na kuweka swichi inayokata umeme pale unapovuja. Chaja nyingi hukataa kuanza kazi zisipoiona erthi, na mwenye nyumba asimkubali fundi anayetaka kuidanganya chaja badala ya kurekebisha erthi.

Katika Afrika Mashariki wengi huanza na gari lililotumika, na Leaf kutoka Japani ndizo zilizotangulia katika barabara za Nairobi, ambako kampuni ya teksi ya Nopia Ride ilizianzisha mwaka 2018. Mnunuzi wa gari la namna hiyo ahesabu vipande vya uwezo vilivyo pembeni mwa kipimo cha chaji, akikumbuka kwamba kipande cha kwanza huzimika baada ya takriban asilimia 15 ya uwezo kupotea, na vinavyofuata huzimika kwa hatua ndogo zaidi. Leaf ya kilowati-saa 24 iliyobakiwa na vipande 9 ina kama kilowati-saa 16 au 17, zinazotosha karibu kilomita 100 za mjini. Gari hilo bado lina kazi, ila mwenyewe anajikuta katika hali isiyo ya haki: aliye na betri kubwa anaweza kuishia asilimia 80 kila usiku bila kuhisi upungufu, na aliye na betri iliyokwisha kuchakaa, ambaye ndiye anayehitaji zaidi kuitunza, hulazimika kuijaza kabisa kila siku ili afike kazini na kurudi. Kilichobaki kwake ni saa ya kupangia. Akiipanga ijae saa kumi na moja alfajiri na kuondoka saa kumi na mbili, betri yake itakuwa imekaa ikiwa imejaa kwa saa moja tu.